Sura ya Saba: Kura Mbili kwa Moja

Inspekta alipiga magoti kwenye sakafu yenye unyevu, akaikodolea macho pua ya kwanza. Ilikuwa kiboksi cheupe, kikubwa kidogo kuliko ngumi, kimefungwa ukutani usawa wa goti, chenye vitundu mbele, kitaa cha kijani na kioo kidogo cha namba. Wafanyakazi wa kiwanda hiki cha soda waliviita viboksi hivyo pua, maana vilinusa gesi. Mhandisi aliviita vihisi, na kila alipolitamka neno hilo alijishika tai kidogo.

"Anza upya," Inspekta alisema. "Taratibu. Mimi si mwepesi wa kuelewa."

"Hapo hatanii," alisema Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango. Koplo alikuwa mama wa makamo, na alikuwa amefanya kazi na Inspekta kwa muda mrefu kiasi cha kumtania bila kukemewa. Kituoni walimwita Inspekta huyo Kobe, na aliyelianzisha jina hilo ni Koplo huyu.

Safari hii Kobe hakuwa na muda wa ukobe. Juzi, ndani ya chumba hiki cha matangi, msafishaji mmoja alikutwa amelala kifudifudi kando ya ndoo yake, hana uhai. Kiwanda kizima kilimjua kwa jina la Mama Sabuni. Ghorofa moja juu yake, mbele ya skrini za chumba cha udhibiti, aliyekuwa zamu ni binti yake wa kumzaa. Gesi ilivuja, king'ora hakikulia, mama akafa, na uongozi wa kiwanda ukawahi kuwaambia polisi kwamba binti alipuuza onyo. Binti alikuwa mahabusu. Kesho asubuhi Mkuu wa kituo alitaka asomewe shtaka la kusababisha kifo cha mama yake. Mazishi yalikuwa yamesimama, kwa sababu bibi yake alikataa katakata mwanawe azikwe huku mjukuu yuko ndani.

Bomba lenyewe halikuwa na fumbo. Mafundi walishaonyesha kiungo kilichochakaa nyuma ya tangi la mwisho, kikaachia chenyewe bila kuguswa na mtu. Lililomsumbua Kobe ni kwa nini mtambo uliowekwa kulinda watu ulikaa kimya.

"Gesi hii haina rangi wala harufu," mhandisi alisema. "Ni nzito, inatuama chini. Ndiyo maana vihisi viko chini. Viko vitatu: hiki, kile pale karibu na mfereji wa maji, na cha tatu nyuma ya tangi la mwisho. Kila kimoja kinapeleka namba yake juu muda wote. Viwili vikikubaliana kwamba kuna hatari, mtambo haumsubiri mtu. Unafunga gesi wenyewe, unawasha feni, unapiga king'ora."

"Na kimoja kikisema hatari, viwili vikasema salama?"

"Hicho kimoja kimeshindwa kura. Mtambo unamwambia mwangalizi kwamba kihisi fulani kina hitilafu, naye anabonyeza 'Puuza', kisha anawaarifu mafundi. Binti alibonyeza."

"Akawaarifu mafundi?"

"Aliwaarifu. Waliahidi kuja baada ya chakula."

"Kanuni hiyo ya kubonyeza aliandika nani?"

Tai ilishikwa tena. "Mimi."

"Kwa hiyo alifuata kanuni yako."

"Alitakiwa atumie na akili, Inspekta."

"Kanuni yako inasema hivyo? Atumie na akili?"

Koplo alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Hii habari ya kura ilitoka wapi?" Kobe aliuliza.

"Zamani kilikuwepo kimoja tu. Mvuke wa maji ya moto ukikiingia, kinaona gesi isiyokuwepo, kinapiga kelele, kiwanda kizima kinasimama. Tukaweka vitatu. Kimoja kikidanganya, vingine vinakiumbua. Uwezekano wa viwili kudanganya kwa pamoja ni mdogo mno. Nilipiga hesabu mwenyewe."

"Na mvuke ukaacha kusumbua?"

"Si mara moja. Wakati wa kuosha chumba, hivi viwili vya mbele viliendelea kupiga king'ora cha bure, na kila king'ora cha bure kinaandikwa kwenye jina la mwangalizi wa zamu. Yule binti alipewa onyo, akapewa jingine. Baadaye vikatulia."

"Mlivirekebisha."

"Vilitulia vyenyewe. Nadhani vilizoea."

"Mume wangu miaka yote hajazoea hata muziki wa jirani," Koplo alisema. "Ningejua, ningeolewa na kiboksi."

Kobe hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kioo cha namba. Uso wake ulikuwa karibu na ukuta, na namba ilikuwa inapanda.

"Mbona inapanda?"

"Unaipumulia. Pumzi ya mtu ina gesi hiyohiyo, kidogo tu."

Kobe alirudisha uso nyuma. Namba ikashuka, lakini haikukaa. Koplo alipobadili mguu mlangoni, ikacheza. Mhandisi alipovuta pumzi ya kuchoka, ikacheza tena.

"Haitulii kabisa?"

"Hewa haitulii, Inspekta. Mtu akipita, mlango ukifunguliwa, lazima icheze kidogo."

"Lazima," Kobe alirudia, kisha akainuka taratibu huku magoti yakilalamika. "Twende juu, ukanionyeshe ya juzi."

Chumba cha udhibiti kilikuwa kidogo na safi, na kiti cha mwangalizi kilikuwa bado na sweta la binti mgongoni. Mhandisi alikaa kwenye kiti kingine. Aliita grafu ya juzi, ikaja mistari mitatu, kila pua na rangi yake. Mstari wa pua ya tatu, ile ya nyuma ya tangi, ulikuwa unatetemeka tetemeko dogo tangu asubuhi, kisha ukaanza kupanda, ukapanda bila kurudi nyuma. Mistari ya pua mbili za mbele ilitetemeka vilevile asubuhi. Halafu, kabla hata ya tatu kuanza kupanda, ikanyooka yote miwili kama iliyopigwa rula. Ilikwenda hivyo, imenyooka, mpaka mahali fulani iliporuka wima hadi juu kabisa.

"Iliporuka hapo ndipo king'ora kilipolia?"

"Ndiyo. Ni wakati ule msafishaji mwenzake alipofungua mlango, akamkuta."

"Mlango ukifunguliwa gesi inaongezeka au inapungua?"

"Inapungua."

"Sasa kwa nini hizi mbili ziruke?"

Mhandisi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Mtandao uliganda. Taarifa zilirundikana njiani, kisha zikafika kwa mkupuo. Hutokea. Hata simu yako hufanya hivyo."

Lilikuwa jibu zuri, na Koplo alianza kutikisa kichwa kukubali. Kobe alichukua kalamu, akaigusisha kwenye skrini.

"Pua zote tatu zinapita waya mmoja?"

"Zinaingia kwenye boksi moja la mawasiliano, halafu waya mmoja hadi hapa."

"Basi mtandao uliganda kwa mbili, ukairuhusu ya tatu ipite."

Mhandisi aliinama kuutazama mstari wa tatu kwa karibu.

"Na kama taarifa zilirundikana njiani, zilipofika zingejaza hapa katikati. Tungeona na hizi zinapanda pole pole. Hapa hazikupanda. Hapa kuna kitu kilizuia, halafu kikaondolewa." Kobe alivuta kiti. "Nionyeshe siku nyingine ya kuosha. Yoyote."

Walifungua ya wiki iliyopita. Mistari miwili ilinyooka wakati wa kuosha, wa tatu ukatetemeka. Walifungua ya mwezi uliopita, ikawa vilevile. Walirudi nyuma mpaka wakafika kwenye siku ya onyo la pili la binti, na kabla ya siku hiyo hapakuwa na mstari ulionyooka hata mmoja. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na vilima vya mvuke na king'ora cha bure.

"Miezi yote hii," Kobe alisema, "pua mbili zinaacha kunusa kila chumba kikioshwa, na mtambo wako unaona zimekubaliana."

"Mtambo unatafuta namba kubwa," mhandisi alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hautafuti namba iliyotulia. Hakuna aliyefikiri kwamba namba iliyotulia ni tatizo. Sisi tulifurahi."

"Ile ya tatu ilikuwa inasema kweli."

"Ilikuwa inasema kweli, na sisi tukaiandika mbovu." Alivua tai, akaiweka mezani, akabaki anaitazama. Kobe, ambaye hakuwa amempenda tangu asubuhi, alimwonea huruma.

Koplo ndiye aliyesema lililofuata. "Afande, mimi ndiye niliyekuwa na daktari alipomkagua marehemu. Mikono yake ilikuwa imebabuka. Mabaka mekundu yale ya dawa ya kusafishia. Nikajiuliza, mtu aliyeosha sakafu hii tangu kiwanda kinafunguliwa, anashikaje dawa kali namna ile mikono mitupu?"

Kobe aliinuka kitini. Kisha wakashuka tena chini, safari hii wakipitia rafu ya vifaa vya usafi. Alichukua jozi ya glavu za mpira, akapiga magoti mbele ya pua ya kwanza, akaivisha glavu moja. Iliingia vizuri mno. Mpira ulibana pande zote kama umeshonewa kiboksi hicho, na kwa juu, ukiuvuta kidogo, namba ilisomeka. Akainama akaipumulia kwa nguvu, mara tatu, mpaka akaona kizunguzungu. Namba haikucheza.

"Basi," mhandisi alisema nyuma yake. "Basi, nimeona."

Glavu za Mama Sabuni hazikuwa kwenye rafu, wala kwenye ndoo, wala kwa daktari. Aliyeingia chumbani wa kwanza alikuwa msafishaji mwenzake, mama mnene mwenye macho ya kucheka ambaye wote walimwita Redio, kwa kuwa alitangaza tangu anavaa aproni mpaka anaivua. Koplo alikuwa ameuliza kiwanda kizima, na kila mtu alimwambia lilelile: tangu juzi Redio imezimika. Maelezo yake polisi hayakufika hata nusu ukurasa.

Walimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi, anakunja aproni ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Pole na msiba, mama," Kobe alisema, akakaa upande wa pili wa benchi.

"Tumeshapoa, afande."

"Ziko wapi glavu za mwenzako?"

"Glavu gani?"

"Zile ulizozivua puani."

Redio aliendelea kukunja aproni mpaka ikawa ndogo isiyokunjika tena. Kisha akainuka, akafungua kabati lake, akatoa kitambaa cha kichwa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na glavu mbili za kijani.

"Nilipofungua mlango nikamwona chini, nikabana pumzi," alisema. "Nikamshika miguu, nikamburuta mpaka nje. Nikamwita, haitiki. Nikageuka nikaziona hizi, zimevishwa zile pua. Nikarudi nikazing'oa. Hapo sasa ndipo lile dude likaanza kulia. Limenyamaza mtu anakufa, linalia amekwisha kufa."

"Kwa nini ukazificha?"

"Unawajua hawa wa ofisini? Wangesema Mama Sabuni kajiua kwa ujinga wake. Ingekuwa ndiyo habari yake mpaka kesho kutwa. Nikataka azikwe na heshima yake."

"Binti yake yuko ndani, mama."

"Najua yuko ndani." Machozi yalimshuka bila uso kubadilika. "Unadhani nalala? Nikisema, namwangusha mama. Nikinyamaza, mtoto anafungwa. Na nikisema, mtoto atauliza mama yake alikuwa anazivisha za nini. Nani atamjibu? Mimi?"

"Nijibu mimi kwanza."

Redio alijipangusa kwa kiganja. "Mtoto alipopewa lile onyo la pili alikuja kulia hapahapa, kwenye benchi hili. Mtu mzima yule, kalaza kichwa mapajani kwa mama yake. Onyo moja zaidi na kazi hana. Anasema, mama, ukimwaga tu maji zile pua zinanichongea. Mama yake akamwambia, nyamaza, nitazifunga midomo. Mtoto akacheka, akaona anabembelezwa. Tangu hapo, kabla ya kumwaga maji, mwenzangu anavua glavu zake, anazivisha zile mbili. Ile ya nyuma maji hayaifikii, akaiacha. Nikamwambia, mama weee, mikono yako itaoza. Akasema, mikono ni yangu na mtoto ni wangu."

"Na glavu nyingine si zilikuwepo kwenye rafu?"

"Ziko kwa hesabu, afande. Jozi moja kwa mtu. Ukiomba nyingine lazima useme za nini."

Koplo alikuwa anaandika. Alipofika mwisho alimpa Redio karatasi atie saini, na Kobe akazifunga glavu tena kwenye kitambaa.

Njiani kurudi kituoni Koplo alisimamisha gari kwenye taa za barabarani za mwisho.

"Mwambie mashine iliharibika," alisema. "Atoke, akazike. Si uongo mkubwa. Mashine yenyewe si iliharibika?"

"Haya maelezo yatasomwa mahakamani siku kiwanda kitakapojibu. Atayasikia kwa mtu asiyemjua, mbele ya watu."

"Angalau leo azike kwanza."

"Ataniuliza, Koplo."

"Na wewe hujui kudanganya."

"Kudanganya najua. Ila yeye ni mwangalizi wa skrini. Ataniuliza mpaka nitakwama."

Binti alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, miguu ameikunja. Alikuwa na uso wa mama yake, ule ambao Kobe alikuwa ameuona mara moja tu, umefunikwa nusu. Alipomwona aliinuka.

"Andika nimekubali, afande. Kesho sitaki maneno mengi. Nilibonyeza mimi."

"Hushtakiwi. Ulifanya kama kanuni ilivyokuambia. Tumepata ushahidi, na nimeshaongea na Mkuu. Unatoka leo."

Hakuonyesha furaha yoyote. Alikunja uso, kama mtu anayesoma namba za mbali. "Ushahidi gani? Pua mbili zilisema salama. Mama alikuwa chini, gesi imemfika puani, na pua mbili ziko pale pale zinasema salama. Hilo mmelijibu?"

"Tumelijibu."

"Basi niambie."

Koplo aligeuka akatazama korido. Kobe alimwambia. Alimwambia moja baada ya moja, bila kupamba: glavu, maji, benchi, onyo la pili. Hakuruka yale maneno ya mikono ni yangu na mtoto ni wangu, ingawa alitamani sana kuyaruka. Alipomaliza alisikia aibu ya kuwa amesimama na yeye amekaa, maana binti alikuwa ameshakaa tena chini bila wao kuona alikaa saa ngapi.

"Nilikuwa naiona," binti alisema.

"Nini?"

"Ile mistari. Ikinyooka. Sikujua kwa nini inanyooka, nilidhani maji yanasafisha hewa. Nilijua tu kwamba ikinyooka, mama ameanza kuosha." Aliongea polepole. "Kule juu mtu unakaa peke yako siku nzima. Nikaizoea. Naisubiri. Ikinyooka nasema, haya, mama kafika. Nakunywa chai yangu naiangalia, najisikia niko naye."

Kobe alichuchumaa nje ya mlango, macho yao yakawa usawa mmoja.

"Juzi ilinyooka muda mrefu kuliko siku zote. Nikasema leo anaosha kwelikweli. Afande, nilifurahi."

Hapo ndipo alipolia, na kilio hicho Koplo hakukivumilia. Aliingia ndani ya mahabusu, jambo lisiloruhusiwa, akakaa sakafuni na sare yake, akamkumbatia. Kobe alisimama mlangoni akiwa ameshika funguo. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na kwa kweli aliifanya vizuri, na alijichukia kwa kuifanya vizuri.

Walipomtoa, bibi yake alikuwa mapokezi, mwanamke mkavu mwenye mgongo ulioinama, ambaye tangu juzi alikuwa amekaa kwenye kiti hichohicho cha mbao na askari wa zamu wameshakoma kumwambia aende nyumbani. Alimshika mjukuu wake uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kutazama kama amepigwa.

"Wamekuachia?"

"Wameniachia, bibi."

"Mengine ya mashine siyataki, sitayaelewa. Niambie kimoja tu, mjukuu wangu, maana ndicho kinachoninyima usingizi. Mwanangu alikufa peke yake mle ndani?"

Binti alimtazama Kobe. Kobe hakuinua macho kutoka kwenye kitabu cha mapokezi alichokuwa anatia saini.

"Hapana, bibi," binti alisema. "Hakuwa peke yake. Nilikuwa namwangalia."

Bibi alifumba macho, akashukuru kwa sauti ndogo, akasema sasa wanaweza kwenda kuzika.